Kabla ya kutega, someni kinyesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele za watu: kinyesi cha wanyama. Mimi ni mama mkulima wa Namtumbo, mkoani Ruvuma, na kwa miaka 12 nilikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Ninayoyajua sikuyapata darasani. Marehemu baba alikuwa mwindaji na hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akawa ananichukua mimi porini.

Mwaka jana, mvua zikielekea ukingoni, mbuzi wanne waliuawa usiku mmoja kwenye zizi la jirani yangu. Usiku huohuo fisi alisikika ng'ambo ya mto, kwa hiyo kulipokucha kila mtu alikuwa ameshamjua mkosaji. Vijana wakatega nyaya njiani, na mzoga mmoja wakaupaka dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Kufikia kesho yake walikuwa wamekufa fisi wawili, na tai niliowahesabu kwa macho yangu ni saba. Wiki iliyofuata mbuzi wengine wawili wakang'atwa.

Hapo ndipo nilipoitwa. Nyuma ya zizi nilikuta vinyesi vitatu, vyembamba kama kidole gumba. Nikavichambua kwa kijiti: manyoya ya mbuzi yamechanganyika na pumba za mahindi. Cha fisi hakiwi hivyo. Fisi husaga mifupa, ndiyo maana kinyesi chake ni madonge manene ambayo yakikauka huwa meupe kama chokaa, tena kundi zima hupenda kurudia choo kilekile. Huyu wetu alikuwa mnyama anayelishwa nyumbani. Tulikuta nyayo zikielekea kijijini, hadi kwenye nyumba yenye mbwa watatu. Mwenyewe alikubali kuwafungia usiku, na tangu siku hiyo hatujapoteza mbuzi. Wale tai saba wamekufa bure, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Baba alinifundisha kwamba kinyesi hujibu maswali matatu: nani kapita, kala nini, na kapita saa ngapi. La saa ndilo gumu. Mavi ya tembo juani hukauka juu upesi huku ndani yakiwa bado na joto, kwa hiyo alikuwa anayapasua na kusogeza mgongo wa kiganja. Aliangalia pia kama umande umeanguka juu yake au chini yake, na kama mbawakawa wameshaanza kuyaviringisha. Vijiti vilivyomo navyo husema. Tembo hutafuna hadi ncha zikawa nyuzinyuzi, lakini kifaru mweusi hukata kijiti mshazari kana kwamba umekikata kwa panga. Fungo huacha rundo lenye mbegu za matunda na magamba ya majongoo. Kiboko hupiga mkia na kurusha mavi yake kwenye vichaka vya njiani, na ukiyaona majani mabichi yamepakwa hivyo jioni, usikae kati ya njia ile na mto.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wazee. Lakini mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitangaza kwamba walilinganisha vinasaba vya kinyesi cha tembo kilichokusanywa sehemu nyingi za Afrika na vile vya pembe zilizokamatwa. Pembe nyingi za tembo wa savana zilionekana kutoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani huku kwetu. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kuwa tembo nchini walikuwa wamepungua kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Mavi tunayoyaruka njiani yalisaidia kuonyesha walikouawa.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, kijiji kisimtege wala kumuua mnyama kwa kosa la mifugo au mazao kabla mtu anayejua hajazunguka eneo na kupiga picha za nyayo na kinyesi, kando yake kukiwa na rula au hata kijiti cha kipimo. Picha hizo zitamsaidia pia mkulima anayedai kifuta jasho, yaani pesa za serikali kwa aliyeharibiwa mali na wanyamapori, maana afisa akifika baada ya mvua nyayo huwa zimeshafutika, lakini donge la tembo lenye punje za mahindi bado huonekana. Sumu isitumike kabisa.

Pili, tunacho chuo cha uhifadhi wa jamii hapahapa wilayani, Likuyu Sekamaganga. Wazee waliobaki waitwe wakae na vijana wanaofunzwa pale, siku nzima porini. Vijana wafundishwe pia kutoshika kinyesi cha wala nyama kwa mikono mitupu, kwani kina mayai ya minyoo inayoingia hata kwenye ini la binadamu.

Mimi niko tayari kwenda bila malipo. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuanzia, kwa sababu mvua haioshi kitu na mwanafunzi anaweza kurudi kwenye kinyesi kilekile siku tano mfululizo akaona kinavyobadilika.

Mama mkulima,
Namtumbo, Ruvuma