Maji ya fedha na mwarobaini: tuulize kabla ya kunywa

Mhariri,

Juzi jirani yangu, mama mtu mzima mwenye kisukari na kidonda cha mguu kisichotaka kupona, alinipigia hodi akiwa na chupa ya maji ya rangi ya chai. "Mwanangu, wewe si unashinda maabara? Nimeambiwa hii ni fedha iliyotengenezwa kwa mwarobaini. Ninywe vijiko viwili asubuhi, viwili jioni." Chupa haikuwa na lebo wala tarehe, wala jina la aliyeitengeneza. Nilimsihi asiinywe, na kesho yake tukaenda naye kliniki kidonda kikasafishwe.

Naandika kwa sababu aliyemuuzia hakulizua jambo lote. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na chembe nano za fedha, yaani vichembe vidogo mno vya madini ya fedha yale ya vito, nimezitengeneza mara nyingi kwa mikono yangu. Unaosha majani ya mwarobaini, unayachemsha dakika chache, unachuja. Pembeni una nitrati ya fedha, chumvi ya madini hayo, gramu 0.17 tu katika lita ya maji safi ya maabara. Unachanganya, unatikisa, unasubiri. Maji huanza na umanjano hafifu, kisha hukolea taratibu mpaka yakafanana na chai ya rangi. Hapo kemikali za jani zimeipa fedha elektroni, atomu zimekusanyika kuwa vichembe vya chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na kemikali nyingine za jani hilohilo zimevifunika visishikane. Watafiti wa Pune, India, walichapisha kazi ya namna hii kwa mwarobaini mwaka 2004. Hata leo rangi ile ikianza kukolea huwa naacha nilichokuwa nafanya nikaitazame.

Na fedha inaua bakteria kweli. Krimu ya silva salfadiazini, dawa yenye fedha ndani yake, imetibu majeraha ya moto tangu miaka ya 1960. Lakini hiyo hupakwa kwenye jeraha, kwa kipimo kinachojulikana. Anayekunywa maji ya fedha kwa muda mrefu huilimbikiza mwilini, na ngozi yake yaweza kugeuka ya kijivu chenye ubuluu, isirudi tena. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka kwamba dawa za dukani zenye fedha ya namna hiyo hazitambuliki kuwa ni salama wala kuwa zinatibu. Bakteria nao hujifunza: mwaka 1975 waliripotiwa salmonela wasiodhurika na fedha katika wodi ya majeraha ya moto huko Boston.

Kinachoniuma zaidi kiko upande wetu wa maabara. Jani la masika si jani la kiangazi. Nimechuma mti uleule, nikafuata maelekezo yaleyale, na chembe zikatoka na ukubwa mwingine. Spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na maji yale, ilinionyesha wazi. Hata hivyo kazi nyingi za wanafunzi huishia kwenye kisahani cha kuoteshea bakteria: duara tupu, walikokufa bakteria, likionekana kuzunguka tone la dawa, linapigwa picha, ripoti inafungwa. Kisahani hakina ini wala figo. Picha ile ikifika mtaani tayari imeshaitwa tiba, na mama mwenye kidonda anatoa pesa yake ya sokoni.

Sisemi utafiti huu uachwe. Usugu wa bakteria kwa dawa zetu unaua, na mimea tunayo. Ninachotaka ni vyuo kugharimia ile kazi isiyo na sifa: kukausha na kuhifadhi sampuli ya kila mti uliotumika, kuandika ulichumwa wapi na mwezi gani, kurudia jaribio mpaka chembe zitoke sawa kila mara, kisha kupima sumu yake kwenye seli na kwa wanyama kabla ya mtu yeyote kulitaja neno dawa.

Nawe Mhariri, mtafiti akikuletea habari ya namna hii, muulize amerudia mara ngapi, na je, imeshajaribiwa kwa binadamu. Kama jibu la pili ni hapana, liandikwe kwenye aya ya kwanza, si ya mwisho.

Fundi sanifu wa maabara,
Morogoro