Nusu ya maneno iko kwenu

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Usicheke. Wiki nzima nashinda na barua za mzee wako, toka huko kwenu Mombasa, kwa marehemu baba, na kila moja inaanza hivyo, hata ile ya kuomba tairi la baiskeli. Limeniingia. Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya Mama Salha; lawama utanipa tukionana, leo nina jambo.

Nyumba ya Ilala inauzwa, nadhani umeshasikia. Katika kutoa vyombo tukalikuta lile sanduku la bati la enzi za reli, mvunguni mwa kitanda cha baba, limekaa juu ya matofali manne. Mchwa wameutafuna mguu wa kitanda lakini sanduku hawakulifikia. Mzee alijua. Ndani mna barua 113, zote za mzee wako, tangu 1965 mpaka 1984, na bahasha zake. Za mwanzo zina zile stempu za pamoja, Kenya, Uganda na Tanzania. Ukifika 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki imekufa na mpaka umefungwa, bahasha nyingi hazina stempu kabisa. Zimeandikwa tu pembeni "kwa hisani ya" fulani, kila mara jina jipya. Nimemjua mmoja tu, yule aliyekuwa akituletea halua.

Sasa sikia balaa. Kaka, bila kuniuliza, akachagua barua sita "nzuri nzuri" akazipeleka steshenari moja huku mjini zikalaminetiwe, apate kuzitia kwenye fremu sebuleni. Kijana wa pale, eti kumpunguzia gharama, akawa anachukua karatasi mbili, anazipanga mgongo kwa mgongo, anazitia kwenye plastiki moja. Kaka akarudi anachekelea kwamba kaokoa hela. Sikumjibu. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Maana mojawapo ni ile ya Machi 1971, kurasa nne. Ukurasa wa kwanza unaishia hivi: "Na hilo uliloniuliza juu ya yule binti wa Voi, jibu langu". Basi. Wa pili na wa tatu wametazamana ndani ya plastiki. Wa nne unaanza: "kwa hiyo tusilitaje tena. Nisalimie Bi Mkubwa. Ndimi nduguyo katika ujenzi wa taifa." (Huo ujenzi wa taifa aliuokota kwetu, Mombasa nani alikuwa akiandika hivyo?) Nimeiinua dirishani, mwandiko unaingiliana, herufi za huku juu ya za kule. Nimeambulia neno "ada", na sijui ni ada ya shule au ni sehemu ya "kadai".

Mpwa wangu anayesomea masijala alipoiona alishika kichwa. Anasema ile plastiki inayeyushwa kwa moto na gundi yake inazama ndani ya karatasi. Ukiibandua unaondoka na wino. Selotepu nayo ni mwizi wa polepole, inageuka kahawia na kuacha doa lisilotoka. Akakaa na zile 107 zilizobaki, anang'oa pini na klipu moja moja kwa sababu kutu ilishaanza kuchora karatasi, anazikunjua, anaandika namba kwa penseli kwenye pembe. Kalamu ya wino ni marufuku. Bahasha hatupi hata moja, kwani mzee wako alikuwa mvivu wa kuandika tarehe na mara nyingi muhuri wa posta ndio tarehe pekee tuliyo nayo. Nikataka kuzipanga kwa mambo, za misiba huku, za pesa huku, akanikatalia: ziachwe kwa mpangilio ule ule wa baba. Baadaye nikaona ana haki. Ile ya Voi baba hakuiweka na za 1971. Ilikuwa chini kabisa, peke yake.

Kwa hiyo swali la baba ni lipi? Nimepekua sanduku lote kama mwehu, mpaka nikajicheka. Barua yake itakuwaje kwake? Mtu haweki alizoandika, anaweka alizoandikiwa. Mpwa akanipa kisa: barua za Kiswahili kongwe zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, kwenda kwa Wareno wa Msumbiji na watu wao. Leo ziko Goa, India, kwenye nyaraka za Wareno. Za baba, mwenzangu, ziko kwenu.

Kaka sasa kwa kujuta anataka sanduku lote liende Nyaraka za Taifa, pale Upanga, yanapokaa mafaili ya Wajerumani ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Sikatai. Joto la Dar na unyevu wa masika vitazimaliza hapa nyumbani, na kiyoyozi cha kuwasha mchana na kuzima usiku kinazidi kuitesa karatasi. Lakini karatasi ndizo zetu, maneno ni ya mzee wako, na kisheria hakimiliki ni yenu warithi. Tena anayetoa barua anaweza kukubaliana na hao wa Nyaraka zifungwe miaka kadhaa kwanza. Sitaki mwanafunzi wa shahada akajue habari za Voi kabla yangu na yako.

Nimehesabu miaka, shoga. Baba alikaa stesheni ya reli ya Voi, huko kwenu Kenya, hadi mwisho wa 1964. Bi Mkubwa wetu naye... haya, niache.

Zile za baba mlizitunza? Bado ziko kule darini mlikoweka cherehani, au zilitupwa mlipoezeka upya? Kama zipo, ndani ya nini? Kama ni mfuko wa nailoni zitoe leo hii, utie boksi la kadibodi, mbali na ukuta na mbali na sakafu. Vile vipakiti vya chembechembe vya kunyonya unyevu, vya kwenye maboksi ya viatu, unavyo? Unaweza kunitafutia ya Januari au Februari 1971? Ukiipata utaisoma kwanza au utanisubiri? Mama yako anakumbuka jina lolote la Voi, au tusimuulize? Na je, mko radhi nusu mbili zikakae pamoja Upanga, au mnataka zibaki Mombasa?

Usinitumie picha kwa simu, watoto wanashika simu yangu. Mpe yule dereva wa basi, andika "kwa hisani ya".

Kaka hajui kama nimekuandikia.

Ndimi shoga yako wa Magomeni.