Ile mechi ya tatu

Tanga, Jumapili jioni

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu zako zimefika, na karafuu zimefika. Mama kazigawa nusu kwa majirani kabla mimi sijazinusa. Mguu wake bado unamsumbua mvua zikikaribia, ila ulimi mzima kabisa. Juzi kamtimua muuza samaki mlangoni kwa ajili ya changu mmoja aliyelegea macho. Watoto hawajambo, wanakuamkia.

Sasa turudi kwenye yale maneno mawili uliyoyachomeka mwisho wa barua yako kana kwamba hayana uzito. Kwamba yule mwalimu mpya hapo shuleni kwenu, binti wa miaka 22, amekuomba mcheze wote mpira wa vinyoya, badminton, jioni, na wewe ukamjibu kuwa raketi ulishaitundika. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatisha kabla sijamaliza bismillahi. Ndiyo maana naandika. Karatasi haikatishwi.

Kuna mwanamke wa Indonesia anaitwa Greysia Polii. Sura yake uliwahi kuiona, miaka mingi iliyopita, na siku hiyo uliinuka ukatoka nje. Tulikuwa saluni pale Ngamiani, mwaka 2012, televisheni iko juu ya ndoo za maji, wanaonyesha Olimpiki ya London. Wanawake wanne uwanjani, kila mmoja anapiga kinyoya makusudi kwenye wavu. Watu jukwaani wanazomea. Ukasema, "Zimeni hicho kitu," na nywele zako zimesukwa nusu. Hakuna aliyekuelewa isipokuwa mimi.

Ngoja nikueleze kilichokuwa kikitendeka, maana nadhani hukuwahi kutaka kujua. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, mashindano ya wawili wawili ya Olimpiki yaliwekewa makundi, timu mbili za kila kundi zinapita. Wang Xiaoli na Yu Yang wa China, waliokuwa wanapewa nafasi ya kwanza, walikwisha pita, na hawakutaka kukutana mapema na Wachina wenzao waliokuwa wameshika nafasi ya pili kwenye kundi lao. Basi wakajifungisha mbele ya Wakorea, na Wakorea nao hawakuwa na hamu ya kushinda. Saa moja baadaye ikawa zamu ya Greysia na mwenzake Meiliana Jauhari, dhidi ya Wakorea wengine. Nao wote walikwisha pita. Atakayeshinda anakwenda kukutana na hao Wang na Yu waliojifungisha. Kwa hiyo wote wanne wakaanza kushindana kushindwa. Refarii akaingia uwanjani na kadi nyeusi, ile ya kufukuza, akairudisha mfukoni, wakaendelea. Indonesia wakachukua seti ya kwanza 21-18, wakapoteza mbili zilizofuata 14-21 na 12-21. Kesho yake timu zote nne zikafukuzwa kwenye mashindano.

Hebu fikiria unatoka nchi ile. Huko vinyoya ndivyo mpira wetu wa miguu: watoto wanacheza vichochoroni, wavu ni kamba ya kuanikia nguo. Dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki ya nchi nzima, Barcelona 1992, aliileta Susi Susanti kwa raketi. Tangu mwaka huo hawakuwahi kurudi bila dhahabu ya vinyoya, mpaka hiyo London. Na wewe ndiye uliyeonekana dunia nzima ukipiga kinyoya wavuni kwa kukusudia.

Greysia alikuwa na miaka 24. Kazaliwa Jakarta, lakini kwao ni Minahasa, Sulawesi ya Kaskazini, na utoto wake mwingi ulikuwa huko Manado, mpaka mama yake alipomrudisha Jakarta ajiunge na klabu ya Jaya Raya. Alikuwa amekwisha cheza na wenza kadhaa: Jo Novita, Vita Marissa, kisha huyo Meiliana. Wengine nawaruka. Mchezo wa wawili ni kama ndoa za zamani, unaozwa. Kocha anakutazama, anamtazama mwingine, anasema nyinyi wawili mtacheza pamoja. Na upande wa wanawake ulikuwa mtoto wa kambo kule kwao. Wanaume walishaleta dhahabu, mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke ungekuja kuleta, lakini wanawake wawili wawili wa Indonesia hawakuwa wamefika hata nusu fainali ya Olimpiki.

Alitaka kuacha. Hakuacha. Akaunganishwa na Nitya Krishinda Maheswari, dada mrefu, mpole, mwenye smeshi nzito, lile pigo la kushindilia kinyoya chini, na mwaka 2014 kule Incheon wakachukua dhahabu ya Michezo ya Asia kwa kuwafunga Wajapani Matsutomo na Takahashi seti mbili kavu. Hao Wajapani ndio waliokuja kuwa mabingwa wa Olimpiki Rio miaka miwili baadaye, kwa hiyo haikuwa dhahabu ya kuokota. Rio yenyewe Greysia na Nitya waliishia robo fainali. Kisha goti la Nitya likahitaji upasuaji, na Greysia akabaki peke yake, miaka 29, mchezaji wa wawili asiye na wa pili.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na raketi yako msumarini.

Alikuwa amekwisha amua kupumzika. Kocha wake, Eng Hian, ambaye mwenyewe ana shaba ya Olimpiki ya 2004, akamwomba asiondoke kwanza, awashike mkono hawa wadogo wanaochipukia. Mdogo aliyepewa, mwaka 2017, ni Apriyani Rahayu, miaka 19, kutoka Konawe, Sulawesi ya Kusini Mashariki, mbali na Jakarta kama Kigoma ilivyo mbali na sisi, tena zaidi. Raketi yake ya kwanza ilichongwa na baba yake kwa mbao. Mama yake alifariki mwaka 2015, binti akiwa ng'ambo kwenye mashindano ya vijana ya dunia. Huyu ndiye aliyesimamishwa pembeni ya mwanamke anayemzidi miaka kumi na ushee, aliyechoka, mwenye doa la London. Ukiwatazama mechi za mwanzo utacheka: mdogo anaruka kila mahali, anapiga kelele, anataka kumaliza kila kinyoya kwa nguvu, mkubwa anampoza kwa kiganja, hivi, kama unavyomtuliza mtoto aliyeshtuka usingizini. Mwaka huohuo wakabeba mashindano ya Thailand na ya Ufaransa.

Nakuruka mpaka Desemba 2020. Tarehe 23 Greysia akaolewa. Tarehe 24 kaka yake Rickettsia, aliyekuwa kama baba kwake, akafariki kwa korona. Siku moja tu baada ya harusi. Januari wakaenda Bangkok wakashinda. Sijui alishikaje raketi, na sitaki kujifanya najua.

Sasa Tokyo. Watu wote husimulia fainali. Mimi naona wanakosea, na hili ndilo hasa lililonikalisha niandike. Iangalie mechi ya tatu ya makundi. Wako na Yuki Fukushima na Sayaka Hirota wa Japani, wenyeji, waliopangwa namba moja, na Hirota anacheza goti limefungwa chuma. Timu zote mbili zimeshashinda mechi zao mbili za mwanzo. Zote zimepita. Umeelewa, Mwanaidi? Ni ileile! Mechi ya tatu, kundi, wote mmeshapita, hakuna anayekudai kitu. Ni kweli kanuni ilibadilishwa baada ya London, wanaoshika nafasi ya pili sasa hupigiwa kura upya ili mtu asichague wa kukutana naye. Lakini mtu aliyechoka bado angeweza kupunguza moto, akatunza magoti yake. Greysia alikuwa anakaribia miaka 34.

Walicheza seti tatu. Ya kwanza 24-22, yaani mpaka kwenye pointi za nyongeza. Ya pili wakapigwa 13-21. Ya tatu 21-8. Nimeirudia ile seti ya kwanza kwenye simu mara nne, bando langu linalia. Anakimbilia vinyoya ambavyo hata asingevikimbilia hakuna ambaye angemlaumu. Kimoja kinadondoka pembeni kabisa mwa wavu, anakifuata kwa hatua tatu na goti linagusa sakafu, anakiinua, anarudi kinyumenyume huku anatazama juu. Ukumbi mtupu, mashabiki walikatazwa mwaka ule. Unasikia viatu vikilia kwenye sakafu tu. London watu elfu kadhaa walimzomea kwa kutokucheza. Tokyo anacheza vile na viti tu ndivyo vinavyomtazama.

Baada ya hapo nusu ya njia ilikuwa imeshatembewa. Robo fainali wakawatoa Du Yue na Li Yinhui wa China kwa seti tatu. Nusu fainali Wakorea Lee So-hee na Shin Seung-chan. Fainali, tarehe 2 Agosti 2021, Chen Qingchen na Jia Yifan, mabingwa wa dunia wa 2017. 21-19, 21-15. Greysia na Apriyani wakashinda, na hawakuwa hata wamepangwa miongoni mwa timu zinazotarajiwa.

Kwenye fainali nitakupa kitu kimoja tu. Seti ya pili, kinyoya kinakwenda na kurudi, nyuzi za raketi ya Greysia zikakatika. Unajua mchezo hausimami kwa hilo. Akatoka mbio mpaka pembeni kwenye mkoba, akachomoa raketi nyingine, akarudi mbio. Wakati huo wote Apriyani yuko peke yake uwanja mzima, Wachina wawili wanamshindilia, anarudisha, anarudisha. Mkubwa akaingia tena mahali pake kama mtu aliyetoka jikoni kuchungulia chungu. Na pointi ikawa yao. Kila nikiitazama natafuta usoni kwa Apriyani kama aligeuka kumtafuta mwenzake. Hakugeuka.

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya wanawake wawili wawili kwa Indonesia, na kwa hiyo wakawa nchi ya pili baada ya China kuchukua dhahabu ya Olimpiki katika aina zote tano za mchezo huo. Serikali ikawamwagia mabilioni ya rupia. Lakini nilichokipenda mimi ni mkuu wa wilaya ya Konawe, aliyemwahidi Apriyani nyumba na ng'ombe watano. Mama alipolisikia hilo akasema hiyo ndiyo mahari ya heshima, huyo binti akija Tanga atuletee na sisi ndama.

Greysia akaaga Juni 2022, Istora Senayan, Jakarta, ukumbi ule ambao watu wakipiga makofi kwa pamoja hata ukitazama kwenye simu unahisi kibati kinatikisika. Aliaga akiwa anataka, siyo akiwa amefukuzwa. Tofauti hiyo ni kubwa.

Sasa, shoga. Tuliseme. Chuoni, mashindano ya vyuo, 2004. Tumeshapita kwenye kundi, imebaki mechi moja na wale wasichana wawili wa viatu vya kukopa. Tukishinda tunakutana na wenyeji nusu fainali, tukishindwa tunakutana nao fainali. Mimi ndiye niliyekunong'oneza nyuma ya mkono. Wewe ulinitazama, ukasema, "Zuhura, mimi nimekuja kucheza." Nikakwambia tumia akili. Ukaanzisha kinyoya kikaenda wavuni, kingine wavuni, na watu kwenye mabenchi wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka, na kile kimya ndicho kilichokuwa kibaya. Tulishindwa kama tulivyotaka, na kesho yake tukashindwa bila kutaka, na yule mwalimu wa michezo hakutusemesha njia nzima kwenye basi. Raketi uliitundika wiki hiyo. Kwa miaka yote hii umekuwa ukiwaambia watu ni mgongo.

Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo. Nilikuwa nakungoja wewe ulianzishe, na wewe si mtu wa kuanzisha. Basi naomba radhi. Ulikuja kucheza, mimi nikakuzuia.

Huyo binti mwambie asimame mbele, wewe kaa nyuma. Una mkono mrefu na subira, yeye ana miguu. Mkipigiwa smeshi msikae mbele na nyuma, jitandazeni upande kwa upande, ulikuwa unalisahau hilo hata ukiwa na miaka 22. Nyuzi za raketi yako lazima zimeoza kwa chumvi ya bahari, usiipige kitu kabla haijafungwa upya. Likizo ya shule nikipata nauli ya meli nakuja kuichukua. Fundi wa kuifunga namjua hapa Tanga, nitarudi nayo. Vinyoya ninavyo boksi moja, vya plastiki. Vile vya manyoya ya bata bei yake haishikiki, na upepo wa hapo Wete utavipeleka Kenya.

Mama anasema karafuu zijazo usinipe mimi nimletee, mpe mwenye meli ampelekee mwenyewe mkononi.

Wako,
Zuhura