Barua ya wazi kwa Gavana wa Texas: Liondoe swali la uraia mapokezini

Mheshimiwa Gavana Greg Abbott,

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hapa Houston, na kazi yangu hunikalisha saa nyingi katika vyumba vya kusubiria vya hospitali, nikiwasaidia Wakongo na Waburundi waeleze wanaumwa wapi. Nakuandikia, hata hivyo, kwa ajili ya watu wanaokaa viti vya jirani: wahamiaji wa Kilatino waliotoka Mexico, Honduras, Guatemala na El Salvador. Agizo lako namba GA-46, lililoanza kutekelezwa Novemba 1, 2024, linazitaka hospitali zikusanye taarifa za idadi ya wagonjwa wasio na kibali cha kuwapo nchini na gharama za kuwatibu. Ili wajulikane hao, kila mgonjwa huulizwa uraia wake, wakiwamo hao ninaowatafsiria.

Nilichokishuhudia ni hiki. Mama mmoja aliyekuja na mtoto wa pumu alipewa fomu iliyobanwa kwenye ubao. Akaandika jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na dawa anazotumia. Alipofika penye swali la uraia, kalamu ikasimama. Akautazama mlango, akamtazama mlinzi, akauliza kwa Kihispania jambo ambalo mhudumu wa mapokezi hakulielewa. Kisha akaichomoa fomu, akaikunja mara nne, akaitia mkobani, akamshika mtoto mkono wakatoka. Kifua cha mtoto kilikuwa bado kinapiga filimbi walipofika mlangoni. Hakuna aliyewafukuza.

Najua utetezi wa ofisi yako. Agizo lenyewe linataka mgonjwa aelezwe kwamba jibu lake halitaathiri matibabu, na sheria ya serikali kuu ya mwaka 1986 inazilazimu hospitali zenye kitengo cha dharura, zinazopokea fedha za Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, kumpima na kumtuliza hali kila mgonjwa wa dharura, awe na makaratasi au asiwe nayo. Lakini ahadi hiyo inahusu matibabu tu, na yule mama hakuogopa kunyimwa dawa. Aliogopa mahali jibu lake litakakofika baada ya yeye kurudi nyumbani. Jimbo la Florida, ambalo hakuna atakayelituhumu kwa kuwadekeza wahamiaji, liliweka swali kama hili kwa sheria mwaka 2023, na bado likaamuru fomu iseme mambo mawili: kwamba jibu halitaathiri matibabu, na kwamba halitamfanya mgonjwa aripotiwe kwa maafisa wa uhamiaji.

Wala hofu hiyo si ya kujitungia. Januari 2025 serikali kuu ilifuta mwongozo uliokuwa umewawekea maafisa wa uhamiaji mipaka ya kufanya operesheni hospitalini, na Juni mwaka huohuo taarifa za watu waliosajiliwa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, katika majimbo kadhaa, California ikiwamo, zilikabidhiwa Wizara ya Usalama wa Ndani, ambayo ndiyo yenye maafisa wa uhamiaji. Mtu aliyesikia habari hizo ataaminije kwamba fomu ya Texas inahesabu vichwa na gharama tu?

Na hofu haichagui makaratasi. Mei 2008 maafisa walivamia kiwanda cha nyama mjini Postville, Iowa, wakakamata watu 389. Watafiti walipochunguza vyeti vya kuzaliwa vya jimbo zima, waligundua kwamba hatari ya watoto wa akina mama wa Kilatino kuzaliwa na uzito pungufu ilipanda kwa asilimia 24 katika wiki 37 zilizofuata, ikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia, wakiwamo watoto wa akina mama waliozaliwa Marekani.

Agizo lako linazungumzia gharama, basi tuzungumze gharama. Sehemu nyingi za jimbo hili, mhamiaji asiye na kibali ambaye figo zake zimekufa hapangiwi siku za kusafishwa damu. Husubiri mpaka maji yajae mapafuni au potasiamu ipande kiasi cha kuutishia moyo, ndipo apokelewe kama mgonjwa wa dharura, na baada ya siku chache huanza upya. Utafiti uliofanyika Dallas na kuchapishwa mwaka 2019 uliwalinganisha wagonjwa wa namna hiyo na wenzao waliopata bima na kusafishwa damu kwa ratiba. Waliopangiwa ratiba walikufa wachache zaidi, na gharama zao zilipungua kwa zaidi ya dola 5,000 kwa kila mgonjwa kila mwezi. Kinachoigharimu hospitali ni ule ucheleweshaji, na swali lako linawapa watu sababu nyingine ya kuchelewa.

Naomba swali hilo liondolewe. Ukiona haiwezekani, basi iamuru fomu iseme kwamba jibu halitapelekwa kwa maafisa wa uhamiaji, na iseme pia kwamba mgonjwa anaruhusiwa kutojibu. Maneno hayo yaandikwe kwa Kihispania na kwa lugha nyingine za wagonjwa, kwa herufi kubwa, juu ya swali lenyewe, mahali ambapo kalamu ya yule mama ilisimama.

Wako kwa heshima,
Mkalimani wa Kiswahili, Houston