Baba, muwa wako umeishia pingili ya nane

Umoja, Nairobi

Baba,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, wasiwasi ni juu yenu huko Tanga, hasa mguu wa Mama. Hela ya dawa nilituma Jumamosi. Kama haijafika nibipu.

Haya, muwa wetu wa namba, kila tarakimu pingili moja. Siku naondoka uliniandikia 7393 nyuma ya tiketi ya basi. Kata pingili ya mwisho inabaki 739, kata tena 73, halafu 7, na zote ni namba tasa, zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ukasema, "Uzidi kuurefusha." Nimeurefusha. Mwambie Zuhura pingili mpya haiwezi kuwa shufwa wala 5, kwa hiyo kila mara ni 1, 3, 7 au 9.

73931 ilianguka palepale, inagawika kwa 11. 73933 ikaangushwa na 17. Lakini 73937 ilinitesa siku tatu! Nagawanya ndani ya matatu, foleni ya Jogoo Road imeganda, konda (huku ni makanga) ananiuliza kama nakagua nauli yake. Nikamwambia natafuta namba tasa. Akacheka: tasa si asiyezaa? Wao hesabu wamesoma kwa Kiingereza. Nilipofika 97 nikachoka, nikapigia mstari kwamba ni tasa. Uvivu tu, maana nilipaswa kwenda hadi 271, karibu na kipeuo chake cha pili. Kumbe ni 107 mara 691.

Ikabaki 73939, nayo ni tasa kweli. Hapo muwa ukachipua: 739391, 739393, 739397 na 739399, zote nne tasa! Nakiri kuanzia hapo nilitumia kompyuta ya dukani, bosi akiwa kwenye chai. Za 7 na 9 zilikauka hapohapo. Ya 3 ilizaa mbili, 7393931 na 7393933, nazo zikakoma. Ya 1 ikafika 7393913, kisha 73939133, basi. Tarakimu zake jumla ni 38; ongeza 1 upate 39, ongeza 7 upate 45, na hizo umeshazigawa kwa 3 kabla hujavaa miwani. Ukiweka 3 au 9 inagawika pia, ila kwa mkono nilijaribu mpaka 47 sikupata kitu.

Sasa sikia. Miwa yote ya namna hii, ikianza na 2, 3, 5 au 7, ni 83 tu, na 73939133 ndiyo kubwa kuliko zote. Wewe ulinipa mwanzo wa hiyohiyo, Baba. Ulijua, au ulibahatisha?

Ukikata kutoka kushoto ni shamba lingine kabisa, kwa sababu mbele waweza kuweka tarakimu yoyote isipokuwa sifuri. Mrefu kupita wote una tarakimu 24, unazidi hata namba ya Luku ya umeme. Huo siuandiki hapa, nitakosea.

Jibu swali langu kwanza.

Mwanao,
Hamisi