Ngoma ya simba ilizaliwa penye uhaba wa simba

Ndugu Mhariri,

Kila unapofika mwaka mpya wa Kichina, magazeti yetu huchapisha picha ya watu wawili waliojificha ndani ya simba wa kitambaa, na maelezo yake huishia kusema kwamba hiyo ni sarakasi ya kale ya Wachina. Kwa sisi wakazi wa Arusha, ambao simba wa kweli wa Ngorongoro ni jirani zetu, maelezo hayo yanaficha jambo la ajabu: China haina simba wa porini, na ngoma hii ilikuzwa na watu ambao wengi wao hawakupata kumwona mnyama huyo.

Simba walifika huko wakiwa zawadi za wafalme wa magharibi. Kumbukumbu za utawala wa Han zinataja waliotumwa na dola ya Parthia, katika Iran ya kale, mwaka 87 baada ya Kristo. Dini ya Kibuddha, iliyopita njia zilezile za biashara ya hariri, ilimpa simba heshima ya mlinzi, hata katika karne ya 6 maandamano ya sanamu ya Buddha mjini Luoyang yakawa yanatanguliwa na simba wa kuigiza. Chini ya utawala wa Tang (618–907) mchezo huo ulikuwa umeingia ikulu, ukiwa na simba watano wa rangi mbalimbali, waongozaji wenye kushika usinga, kama tunavyoona katika ngoma zetu, na waimbaji 140. Mshairi Bai Juyi wa zama hizo ameeleza kichwa cha mti wa kuchongwa, mkia wa nyuzi za hariri, macho yaliyopakwa dhahabu na meno ya fedha, na kwake wachezaji wenyewe ni wageni waliovaa vinyago.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoandika kwamba ngoma hii haijabadilika tangu kale. Mafundi wa Foshan, katika jimbo la Guangdong, walimfanyia simba wa kusini kichwa cha mianzi na karatasi, wakamtia pembe na kioo kwenye paji la uso, wakamfundisha kurukia mboga za majani zilizotundikwa juu pamoja na bahasha ya fedha. Wahamiaji wakamchukua hadi Malaysia, ambako leo hushindana akiruka juu ya nguzo ndefu za chuma, na vipo vikundi vya wanawake katika mchezo ambao zamani ulikuwa wa wanaume.

Ninaomba wahariri wa picha watuambie ni simba yupi tunayemtazama. Si kazi ngumu: mwenye pembe na kioo ni wa kusini, na mwenye manyoya marefu mwili mzima, anayefuata mtu mwenye mpira, ni wa kaskazini.

Msomaji wenu,
Njiro, Arusha