Tupeni nusu saa na kipande cha ukuta

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa muuguzi wa wodi kwa miaka 23. Katika miaka hiyo nimekaa kwenye semina nyingi za kuboresha huduma kuliko ninazoweza kukumbuka, nimejaza fomu za wakaguzi za kila rangi, na nimeona mabango ya maadili ya kazi yakibandikwa, yakafifia, yakabandikwa mengine juu yake. Kila panapozuka malalamiko kuhusu huduma mbovu, wakubwa hukimbilia mambo yaleyale matatu: waraka, semina na mkaguzi. Naandika kuomba kitu cha bei nafuu zaidi, ambacho kwa sababu nisizozielewa ndicho kigumu kupatikana: nusu saa kwa wiki, na kipande cha ukuta.

Nianze na ukuta.

Kuna wakati wagonjwa waliolazwa kwetu na maambukizi makali walikuwa wakichelewa kupata dozi ya kwanza ya antibiotiki. Kwamba wanachelewa tulijua sote, ila kila mmoja alikuwa na mkosaji wake. Daktari alisema wauguzi wazito. Sisi tukasema famasia. Famasia wakasema mwandiko wa daktari hausomeki (na hapo, nikiri, walikuwa na hoja). Mwongozo wa kimataifa wa tiba ya sepsisi (mwili unapozidiwa na maambukizi hadi viungo vinaanza kushindwa kazi) uliotolewa mwaka 2021 unataka mgonjwa ambaye presha imeshaporomoka apewe dawa mara moja, ikiwezekana ndani ya saa 1. Sisi hatukujua hata tunatumia saa ngapi.

Muuguzi mmoja kijana, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, akabandika karatasi ya grafu karibu na kabati la dawa. Kwa kila mgonjwa aliandika mambo mawili: saa ambayo daktari aliandika dawa, na saa ambayo dawa iliingia mwilini. Mgonjwa mmoja, nukta moja. Majina ya watumishi hayakuwepo. Baada ya wiki chache zile nukta zilitwambia jambo ambalo miaka ya kulaumiana haikutwambia: walioandikiwa dawa usiku walikuwa wakiipata mapema kuliko walioandikiwa asubuhi. Asubuhi, wodi ikiwa imejaa madaktari!

Tukafuatilia. Asubuhi daktari huandika dawa akiwa kwenye raundi, faili linarudishwa kwenye toroli, na toroli linazunguka naye mpaka kitanda cha mwisho. Dawa ya mgonjwa wa kitanda cha pili ilikuwa inatembezwa wodi nzima kabla mtu hajaisoma. Usiku hakuna raundi. Daktari anaandika na kumpa muuguzi faili mkononi. Hapakuwa na mzito wala mvivu. Palikuwa na toroli.

Tukakubaliana: dawa ya haraka ikiandikwa, faili halirudi kwenye toroli, linakabidhiwa kwa muuguzi na kutamkwa kwa sauti. Siku ya kwanza likasahaulika. Ya pili pia. Lilipozoeleka, tukagundua dawa yenyewe inasubiri mtu wa kwenda famasia, basi tukaomba kasha la dozi za kwanza likae wodini. Kasha nalo likawa tupu kila mwisho wa wiki, maana hakuna aliyepangiwa kulijaza. Tukapanga. Ndivyo kazi hii ilivyo: unarekebisha kimoja, nyuma yake kinachungulia kingine. Wataalamu huuita mwendo huo mzunguko wa kupanga, kutenda, kuchunguza na kuchukua hatua. W. Edwards Deming, ambaye jina lake hutajwa pamoja na mzunguko huo, alikuwa mwanatakwimu na wanafunzi wake wengi walikuwa watu wa viwandani. Sisi tulikuwa hatujamsikia.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu hakuna waraka ambao ungeligundua lile toroli. Mkaguzi angekuja, angekuta faili zimepangwa vizuri, angeweka tiki.

Haya si mambo madogo. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2018 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watu wapatao milioni 5 hufa kila mwaka wakiwa wameshafika kwenye huduma, kwa sababu huduma waliyoikuta ni duni. Waliokufa kwa kutoifikia kabisa walikadiriwa kuwa milioni 3.6. Kwa maneno mengine, kufika mlangoni si mwisho wa safari, na kinachofuata baada ya mlango kiko mikononi mwa timu ndogo: daktari wa zamu, wauguzi wawili watatu, mtu wa maabara, mtu wa famasia, mhudumu wa usafi.

Watu hupenda kutaja mfano wa Michigan, Marekani, ambako zaidi ya vyumba 100 vya wagonjwa mahututi vilijiunga kupambana na maambukizi yanayoingia kupitia katheta, yaani mirija inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa ya damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Vyumba vikipangwa kuanzia chenye maambukizi machache hadi chenye mengi, kile cha katikati kilianza na maambukizi 2.7 kwa kila siku 1,000 za katheta (mgonjwa mmoja akikaa na katheta siku moja, hiyo ni siku moja). Baada ya miezi mitatu kilikuwa na 0. Habari hiyo husimuliwa kana kwamba ni hadithi ya orodha: nawa mikono, vaa kinga kamili na mfunike mgonjwa, safisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), epuka mshipa wa kinena, toa katheta isiyohitajika tena. Mambo 5, basi. Wanaoisimulia hivyo huruka vipande ambavyo muuguzi angevitaja kwanza. Vifaa vyote viliwekwa kwenye toroli moja, mtu asitafute glavu huku na dawa ya ngozi kule. Kila chumba kilikuwa na daktari na muuguzi wa kuongoza kazi hiyo. Timu zilirudishiwa takwimu zao wenyewe mara kwa mara. Na muuguzi akiona hatua imerukwa, alikuwa na ruhusa ya kumwambia daktari asitishe kwanza.

Sasa linganisheni na Ontario, Kanada. Huko hospitali zilitakiwa kutumia orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji, ya aina ileile ambayo katika utafiti wa miji minane uliochapishwa mwaka 2009 iliambatana na matatizo ya baada ya upasuaji kushuka kutoka wagonjwa 11 hadi 7 kwa kila 100. Hospitali 101 za Ontario zilipochunguzwa, matokeo yakatolewa mwaka 2014: vifo havikupungua kwa kiwango cha maana. Wasomi wamebishana sana juu ya sababu. Mimi ninayo dhana yangu, na naitoa kama muuguzi aliyekwisha kutia tiki nyingi: karatasi ikishuka kutoka juu, mtu huijaza ili imwondokee.

Ruhusa ya kusema ndiyo ngumu kuliko yote. Mwaka wangu wa kwanza nilimwona daktari bingwa akigusa pazia kwa glavu zake safi, kisha akaendelea kuingiza katheta. Nilinyamaza. Kujua nilijua, ila niliogopa. Mgonjwa alipata homa siku chache baadaye. Huenda ilikuwa katheta, huenda siyo. Hadi leo sijui, na labda ndiyo maana sijasahau.

Kwa hiyo siku niliposoma utafiti wa Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, nilicheka peke yangu. Miaka ya 1990 alichunguza timu za wauguzi akitarajia kwamba zenye uongozi mzuri na maelewano zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta ndizo zenye makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi, maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema. Wodi yenye rejista ya makosa iliyo safi hunitia wasiwasi zaidi kuliko wodi yenye rejista iliyojaa. Naomba wakaguzi walifikirie hilo kabla ya kugawa vyeti.

Na hiyo nusu saa? Ni ya kusimama mbele ya ukuta, timu nzima, na kuuliza nukta zinasema nini. Nikisema timu nzima simaanishi madaktari na wauguzi peke yao. Kwetu, mhudumu wa usafi ndiye aliyetueleza kwamba chupa moja ya kitakasa mikono haiishi kamwe: ilitundikwa mahali ambapo mlango ukifunguliwa unaifunika, na mlango ule hushinda wazi. Sisi tulikuwa tunapita hapo kila siku. Na mgonjwa mwenyewe, au ndugu aliyemkalia, aulizwe. Ndiye pekee aliyekuwapo zamu zote.

Nusu saa hiyo iwe ndani ya saa za kazi, na pawe na mtu wa kushika wodi wakati huo. Ikiachwa iwe baada ya zamu, watakuja wale wenye moyo, kisha nao watachoka.

Sitaki barua hii iwape kisingizio wanaotafuta mahali pa kupunguza bajeti. Bomba likiwa kavu hakuna grafu itakayonawisha mikono, na muuguzi mmoja aliyeachiwa wagonjwa 40 usiku hahitaji mzunguko wa Deming, anahitaji wenzake. Kuna matatizo ambayo timu ya wodi hailipi, hainunui, haiajiri. Hayo ni ya wakubwa, na ukuta wetu utawaonyesha ni yapi. Labda ndiyo sababu wengine hawaupendi.

Ile karatasi ya grafu ilibanduliwa siku moja kabla ya ukaguzi wa ubora, kwa agizo kwamba kuta ziwe safi. Wakaguzi walipoondoka tuliibandika tena, safari hii kwa ndani, kwenye mlango wa kabati la dawa.

Wako,
Muuguzi wa wodi